Ngoma Ndani ya Kompyuta: Nani Apigaye, Nani Amilikiye?

Jioni moja tulipokuwa Kasulu kwa kazi za Chama, mvua ikiwa imekatika na baridi ya nyanda za juu imeanza kuingia mifupani, tulisikia ngoma ikilia nyuma ya nyumba moja katika mtaa wa Murubona. Mtu aliyezaliwa Visiwani, aliyekaa na matari ya maulidi kabla hajajua kusoma bao la shule, hawezi kuisikia ngoma akaendelea kunywa chai yake kama kwamba hakuna jambo. Tuliondoka tukaifuata sauti. Tulitazamia kukuta uwanja na watu. Tulikuta chumba kimoja chenye mlango wa bati, magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani, trei za mayai zilizogundishwa darini, na kijana mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta ndogo ya kubeba.

Alituamkia, tukamwitikia, kisha tukamwuliza mpigaji yu wapi. Akacheka, akaielekeza kidole kompyuta. "Mzee, mpigaji yumo humu."

Kijana huyo mchana huendesha pikipiki ya abiria. Usiku hutengeneza nyimbo za kwaya na za vijana wenzake, na ujira aupatao humsaidia mama yake. Katika nchi ya Kasulu, yenye makanisa mengi na kwaya katika kila kata, kazi haikosekani. Kilichokuwa kikimsumbua siku ile ni jambo ambalo kwa mtu asiyejua litaonekana la kipuuzi: achague programu gani ya ngoma. Alikuwa nazo tatu katika mashine yake na ya nne alitaka kuinunua, na kila moja ilikuwa na lake la kumkera. Tulikaa naye hadi saa nne za usiku, na siku zilizofuata tukarudi tena. Tumeona yafaa wenzetu wa Unguja na Pemba wayasikie haya, kwa maana vyumba kama kile vimo pia Ng'ambo na Wete, na maofisa wetu wa utamaduni huvipita kila siku bila ya kubisha hodi.

Kwanza ni vyema msomaji ajue kitu chenyewe ni nini. Wapo wadhanio kwamba kompyuta huibuni ngoma kutoka hewani. Programu hizi sivyo zilivyo, ingawa zamani mashine za namna hiyo zilikuwapo, na nyingine bado zinapendwa. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iitwayo LM-1, iliyobeba milio ya ngoma halisi zilizopigwa na mtu na kurekodiwa, na bei yake ilikaribia dola 5,000. Tangu hapo kazi imekuwa ile ile, ila imezidi upana. Mpigaji hodari huingizwa katika chumba kilichotayarishwa, akazungukwa na vipaza sauti, akapiga kila ngoma na kila toazi mara nyingi, kwa nguvu mbalimbali, tangu pigo la kunong'ona hadi pigo la kupasua sikio. Kila pigo huwekwa mahali pake. Mtumiaji akibonyeza kitufe, programu humtolea pigo lililolingana na nguvu ya kidole chake. Kanuni ya kuziunganisha ala za umeme, MIDI, iliyotolewa mwaka 1983, huipima nguvu hiyo kwa daraja 128, kuanzia sifuri hadi 127. Hivyo basi aliye ndani ya kompyuta ni mtu kweli. Yuko mbali, wala hajui kwamba anapigia kwaya ya Kasulu.

Na hapa ndipo zipatikanapo tofauti baina ya programu nzuri na mbaya. Iliyo mbaya ina pigo moja tu kwa kila ngoma, ambalo likirudiwa mara kumi hutoka sawasawa mara zote kumi, kama cherehani. Iliyo nzuri ina tabaka nyingi za nguvu, na hata katika nguvu moja huwa na mapigo kadhaa yanayopokezana, ili sikio lisichoke. Kijana wetu alikuwa hajaambiwa hayo na mtu. Aliyemwambia ni mzee mmoja wa Heru Juu, mpiga ngoma, aliyeletwa na mjukuu wake asikilize wimbo wa kwaya uliokwisha kutengenezwa. Mzee yule alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kisha akasema kwa Kiha, tukafasiriwa: "Huyu apigaye hapumui."

Hatujasikia hukumu ya kiufundi iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Tatizo halikuwa katika programu peke yake, kwani kijana alikuwa ameipanga kila pigo kwa nguvu moja na kuliweka barabara juu ya mstari wa wakati, lisitangulie wala kuchelewa. Mpigaji wa kweli hutangulia nywele moja anapopandisha wimbo na hurudi nyuma kidogo anapoutuliza. Programu nyingi zina kitufe cha kuyayumbisha mapigo ili yafanane na ya binadamu, lakini kuyumba ovyo nako si kupumua. Njia bora ni kupiga kwa vidole vyako mwenyewe, hata kwa kinanda kidogo cha kompyuta, kisha urekebishe palipoharibika.

Lakini upigapo kwa vidole, jambo jingine huzuka, nalo ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haitoi sauti papo hapo. Huikusanya kwa mafungu. Fungu likiwa la sampuli 512, katika kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti huchelewa kiasi cha sehemu 12 hivi za elfu ya sekunde, na njiani huongezeka tena. Punguza fungu hadi 128 na kuchelewa huko hushuka hadi sehemu 3, ila mashine dhaifu hushindwa na kuanza kukwaruza. Kwa hiyo tulimshauri kijana aitazame mashine yake kabla hajaitazama programu. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski iliyokaribia kujaa. Programu ya nne aliyokuwa akiitamani, Superior Drummer 3 ya kampuni ya Toontrack ya Sweden, iliyotoka mwaka 2017, ina hazina kamili ya sauti inayozidi gigabaiti 200. Hakuna aibu kusema kwamba nguo hiyo si ya mwili huu.

Umeme nao una neno lake. Miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya mafuta, mpaka mwaka 2022 zilipounganishwa na gridi ya taifa. Vijana wa huko husimulia tarehe hiyo kama Waunguja wasimuliavyo giza la mwezi mzima la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Hata hivyo umeme hukatika bado, na programu nzito huichosha betri upesi. Programu nyepesi ifanyayo kazi saa mbili bila ya umeme ni bora kuliko ile tukufu ambayo itazimika katikati ya wimbo.

Sasa tuzitaje zenyewe. Kwa mwenye fedha na asiyetaka kuhangaika, EZdrummer ya hao hao Toontrack, au Addictive Drums ya XLN Audio ya Stockholm, zinatosha kwa kazi zote za kwaya na za bendi. Huja na midundo iliyokwisha kupigwa, mtu akachagua na kupanga. Bei kamili ya EZdrummer 3 ni kiasi cha dola 179, yaani fedha inayokaribia nusu milioni ya shilingi zetu, na katika Murubona fedha hiyo ni pikipiki nzima kutengenezwa injini. Kwa asiye nayo, ipo MT Power Drum Kit, itolewayo bure na kuridhiwa na mashine dhaifu, na lipo toleo la bure la Steven Slate Drums, ambalo milio yake ni mizito zaidi. Wengi wa vijana hufanya kazi yao yote katika FL Studio ya Ubelgiji, ambayo aliyeinunua mara moja hupewa matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Tusiidharau kwa kuwa hupendwa na wanaoanza: mlio mmoja mnyonge uliokuwa umelala ndani yake, wa gogo la kugongwa, ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa muziki wa amapiano wa Afrika Kusini. Mtu wa chumbani ndiye aliyeuona.

Ama sisi, tukiulizwa, tungemwelekeza kijana kwenye programu nyingine isiyo na urembo, iitwayo Hydrogen. Ni ya bure kwa leseni yake yenyewe, kila mtu ameruhusiwa kuitumia na hata kuifungua na kuirekebisha. Ngoma zinazokuja nayo si za kutisha. Fadhila yake ni kwamba humpa mtu nafasi ya kutia milio aliyoirekodi mwenyewe, tabaka kwa tabaka kwa kadiri ya nguvu, akajitengenezea seti yake. Tena mistari yake ya wakati yaweza kugawanywa kwa tatu. Jambo hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Programu nyingi humkaribisha mtu kwa visanduku kumi na sita, yaani hesabu ya nne kwa nne, na kijana asiyejua huamini kuwa hiyo ndiyo hesabu ya ulimwengu. Ngoma zetu nyingi, za Visiwani kama za Bara, zinakwenda kwa kumi na mbili, tatu ndani ya nne, hata mguu mmoja ukafuata hesabu moja na kiuno kikafuata nyingine. Ukizilazimisha kuingia katika visanduku kumi na sita zitaingia, kama mtu mzima aingiavyo katika kanzu ya mtoto.

Tulisema kijana alikuwa na programu tatu. Hatukusema alizipataje. Mbili alizinunua katika kibanda kimoja cha mjini, kwenye flashi, kwa bei ya mlo mmoja. Zilikuwa zimevunjwa kufuli. Hatutaki kumhubiria mtu ambaye ujira wake wa mwezi haufiki bei ya leseni, wala hatutajifanya kwamba ofisi zetu za serikali hazina kompyuta zenye dhambi hiyo hiyo. Tutaeleza tu lililotokea. Yule mzee wa Heru Juu, baada ya kuikosoa ngoma isiyopumua, alikubali kuja na zake: ngoma za kusimama, zilizochongwa kwa gogo na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, zipigwazo kwa fimbo mbili. Alijifunza kwa jamaa zake wa ng'ambo ya mpaka. Kwa jioni tatu mfululizo alipiga, pigo moja moja, kijana akirekodi kwa kipaza sauti cha kuazima. Juma lililofuata kijana alifungua kompyuta akakuta mafaili yote yamebadilika majina na hayafunguki, na barua ya Kiingereza ikidai dola ili yafunguliwe. Virusi vya aina hiyo hupenda kujificha ndani ya programu zilizovunjwa. Wimbo wa kwaya ulikuwamo, picha za marehemu baba yake zilikuwamo, na jioni tatu za mzee zilikuwamo. Nakala hakuwa nayo.

Twarudi kwa swali ambalo mzee aliliuliza siku ile ile ya kwanza, na ambalo kijana hakuwa na jibu lake: "Na huyo aliyepiga humo ndani, analipwa na nani?" Jibu la kisheria si gumu. Kampuni humlipa mpigaji ujira wa kazi ya kurekodi, na anayenunua programu huruhusiwa kuzitumia sauti katika nyimbo zake bila ya kudaiwa tena, ila haruhusiwi kuziuza sauti zenyewe. Yaani mlio unamilikiwa na aliyeurekodi. Mzee alilitafakari hilo kwa muda mrefu.

Alikuwa na haki ya kulitafakari. Nchi ya Buha ina ujamaa wa lugha na damu na Burundi, na kwa Kirundi neno "ingoma" ni ngoma na pia ni ufalme; aliyemiliki moja alimiliki na la pili. Mti uchongwao ngoma huitwa umuvugangoma, kwa maana ya mti unaoisemesha ngoma. Mnamo mwaka 1967 Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi, na sahani ya muziki huo ikatolewa na nyumba ya Ocora. Mwaka 1971 ikatoka Ulaya sahani nyingine, "Burundi Black", ambamo sauti za ngoma zile zile zilitandikiwa gitaa na kinanda. Jina la msanii lililoandikwa juu yake lilikuwa Burundi Steiphenson Black. Wapiga ngoma hawakutajwa kwa majina yao. Sahani ile ilipendwa Uingereza, ikatolewa tena mwaka 1981, na bendi za vijana wa huko zikajengea mtindo mzima juu ya mdundo wake. Ngoma ya kifalme cha Burundi iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, miaka 47 baada ya kurekodiwa. Kuanzia mwaka 2015, Warundi wengine walipokimbilia tena Kigoma na kupokewa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ngoma hiyo ilikuja nao kwa miguu.

Msomaji wa Visiwani asidhani hadithi hii ni ya watu wa mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli hadi Bombay kwa kuwa mashine ya kurekodi haikuwa kwetu. Leo mashine ipo chumbani kwa mtoto wa jirani, na bado tunasafiri. Tuchukulie msondo, ngoma aliyoipiga Bi Kidude kwa kuisimamia mpaka uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 2013. Tuchukulie vumi na chapuo, au matari ya Homu. Kijana wa Chake Chake anayetaka mlio wa Kiafrika katika programu yake atapata jembe za Afrika Magharibi, zilizorekodiwa na kuuzwa na kampuni ya Native Instruments ya Berlin, na ni kazi nzuri, hatuikosoi. Ila jembe si msondo. Kijana asiyeukuta msondo ndani ya mashine hatautumia, na ambaye hakuutumia hatamkumbuka aliyeupiga.

Kwa maofisa wa utamaduni wanaosoma ukurasa huu tunasema wazi kwamba kurekodi ngoma za wilaya moja hakuhitaji mradi wa wafadhili wala semina ya siku tano. Kunahitaji vipaza sauti viwili, chumba kisicho na mwangwi, mpigaji aliyelipwa, na mtu mwenye subira ya kurudia pigo moja mara ishirini. Kunahitaji pia karatasi. Jina la mpigaji liandikwe, jina la ngoma, la mchongaji akijulikana, kijiji, tarehe, na masharti ya matumizi aliyoyakubali mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Sheria zipo: Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Lakini sheria haiwezi kulinda mlio usioandikwa popote. Na hapana budi tujadiliane mapema iwapo milio hiyo itatolewa bure kwa vijana wote, kama Hydrogen ilivyo bure, ama itauzwa kwa walio nje na kutolewa bure kwa walio ndani. Sisi twaelekea rai hii ya pili, ingawa tunajua ugumu wa kuweka forodha juu ya sauti. Wapo watakaosema kwamba ngoma nyingine ni za siri, za unyago au za uganga, na hazifai kuwekwa mikononi mwa kila mtu. Wanasema kweli, na hizo ziachwe. Mwenye ngoma ndiye atakayesema ipi itoke na ipi ibaki.

Kijana alifuta kila kitu katika mashine yake na kuanza upya na programu za bure tu. Mzee hakuweza kuja mara moja. Alikuwa amekwenda kutibiwa Kibondo kwa binti yake, na aliporudi, miezi ikiwa imepita, mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki kama zamani. Tulikuwapo Kasulu kwa mara ya pili siku alipokaa tena mbele ya kipaza sauti. Mapigo madogo aliyapiga yote, kwa upole wa kushangaza. Yale makubwa yalimshinda. Mjukuu wake alitaka kumpokea fimbo, mzee akamkatalia kwanza, kisha akamwita, akamshika kifundo cha mkono, wakapiga pamoja.

Katika daftari la kijana, tabaka za chini za kila ngoma zimeandikwa jina la mzee, na za juu zimeandikwa majina mawili. Nakala zipo katika flashi tatu. Moja iko kwa kijana, moja kwa mzee, ambaye hana kompyuta na ameifunga katika kitambaa pamoja na hati ya shamba lake. Ya tatu tumekuja nayo Pemba, na anayetaka kuisikia atuone, ila kuinakili itambidi kwanza aombe ruhusa Heru Juu.